Kalamu kubwa za Kijapani zilizopakwa urushi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu kalamu za wino za Japani zenye umbo kubwa kupita kawaida, zilizopakwa utomvu wa mti uitwao urushi. Mimi huandika kwa Emperor ya kampuni ya Namiki, nyekundu isiyo na mchoro wowote, kwa hiyo hiyo ndiyo nitakayoitaja zaidi. Msimamo wangu niuseme mapema: kalamu hizi zilitengenezwa ziandike. Anayeinunua na kuifungia kabatini amelipia kazi ya mafundi wengi na hajaionja hata moja.

Mnaposema "kubwa", ni kubwa kiasi gani?

Emperor ikiwa imefunikwa ina urefu wa zaidi ya sentimita 17, na unene wake unakaribia ule wa kidole gumba cha mtu mzima. Nibu yake, yaani ncha ya kuandikia, ni ya dhahabu ya karati 18, saizi namba 50, na watu wakiiona mara ya kwanza hudhani ni ya mapambo ya dirishani. Ukiiweka kando ya Montblanc 149, ambayo kwa miaka mingi ndiyo watu waliyoihesabu kuwa kalamu nene, hiyo 149 huonekana ya kawaida kabisa.

Ziko nyingine. Pilot walitoa Custom Urushi mwaka 2016, yenye nibu namba 30, na hiyo ni kubwa lakini haitishi. Sailor wana King of Pen, ambayo nibu yake ni ya karati 21, yaani dhahabu asilimia 87.5. Nakaya hutengeneza miili minene na mirefu ila nibu zao ni za ukubwa wa kawaida, zile za Platinum. Anayetafuta nibu kubwa asidanganywe na ukubwa wa mwili.

Namiki na Pilot ni kampuni moja. Ilianzishwa Tokyo mwaka 1918 na Ryosuke Namiki pamoja na Masao Wada. Siku hizi jina la Namiki limebaki kwa kalamu zao za urushi.

Urushi ni nini hasa?

Ni utomvu. Mti wenyewe hukua Japani, China na Korea, na hugemwa kwa kuchanjwa mikato ya mlalo kwenye gome, mgema akikinga matone machache kila mkato. Mti husubiriwa miaka kumi hadi kumi na mitano ndipo uguswe, na kwa desturi ya Japani hugemwa msimu mmoja tu, kuanzia Juni hadi vuli, kisha hukatwa ili machipukizi mapya yaote kutoka kwenye mizizi. Katika msimu huo wote mti mmoja hutoa takriban gramu 200. Sehemu kubwa ya urushi wa Japani yenyewe hutoka Joboji, mkoani Iwate, ingawa mwingi unaotumiwa na viwanda vya nchi hiyo huagizwa kutoka China.

Jambo linalonishangaza mpaka leo ni namna unavyokauka. Rangi ya kawaida hukauka kwa kupoteza maji au mafuta hewani. Urushi hufanya kinyume: unahitaji hewa yenye unyevu. Ndani yake mna kimeng'enya kiitwacho lakesi, ambacho hutumia oksijeni na unyevu kuunganisha molekuli za urushioli mpaka ziwe ngozi moja ngumu. Fundi huiweka kalamu ndani ya kabati la mbao lenye unyevu wa asilimia 70 hadi 85 na joto la kati ya nyuzi 20 na 30, akaisubiri. Kisha huipiga msasa kwa mkaa laini na maji, hupaka mkono mwingine mwembamba, huirudisha kabatini. Ni kazi ya miezi. Brashi anayotumia mara nyingi ni ya nywele za binadamu, kwa sababu utomvu huu ni mzito na manyoya mengine hulegea ndani yake.

Kwa nini mtu apake kalamu utomvu wa mti?

Ilianza kwa tatizo la kiwanda. Kalamu za zamani zilikerezwa kutoka ebonaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa mpaka ukawa mgumu kama pembe. Ebonaiti ni nyepesi, haichoshi mkono na haiathiriwi na wino, lakini mwanga na unyevu huifanya ichujuke: nyeusi hugeuka kahawia chafu. Namiki walipaka urushi juu yake kuikinga, na mwaka 1925 wakaisajili mbinu hiyo kwa jina la Lakanaiti. Mwaka uliofuata walimchukua Gonroku Matsuda, kijana aliyesomea sanaa ya urushi, na kinga ikawa mahali pa kuchorea. Kampuni ya Alfred Dunhill ya London iliingia nao mkataba mwaka 1930, na kalamu zenye majina hayo mawili zikauzwa Ulaya na Marekani. Mwaka 1931 mafundi wa Namiki wakaunda kundi la Kokkokai, ambalo mpaka leo saini yake huonekana kwenye kalamu za Namiki zenye michoro. Matsuda mwenyewe alitunukiwa hadhi ya Hazina Hai ya Taifa mwaka 1955.

Kwa hiyo mtu akikuambia urushi ni madoido tu juu ya kalamu, mweleze habari ya ebonaiti.

Nimesikia urushi unawasha ngozi. Nitadhurika?

Urushi mbichi unawasha vikali, na wanafunzi wa kazi hiyo huvimba mikono kabla miili haijauzoea. Anayetoka Mtwara au Lindi hahitaji maelezo marefu: mti huu ni wa ukoo mmoja na mkorosho, mwembe na mmea wa Marekani uitwao poison ivy unaowababua watu misituni, na mafuta ya ganda la korosho yanayobabua vidole vya wabanguaji yana kemikali zilizo jamaa ya urushioli.

Urushi uliokomaa hauna shida hiyo kwa karibu watu wote. Ila kama utomvu wa embe hukutoa vipele mdomoni, usinunue kalamu iliyotoka kwa fundi wiki iliyopita. Iache ikae miezi kadhaa. Kalamu mpya huwa na harufu kidogo ya kuchachuka ukifungua kifuniko. Harufu ikishaisha, kwa kawaida hata mwenye ngozi nyepesi huwa salama.

Si itakuwa nzito na kuchosha mkono?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko mengine yote, na jibu huwashangaza watu. Emperor ina uzito wa gramu arobaini na ushei ikiwa na kifuniko chake. Hakuna shaba ndani, hakuna bomba la chuma. Ni ebonaiti, utomvu na hewa au wino. Ukivua kifuniko unashika kitu kinene ambacho ni chepesi kuliko jicho lilivyotarajia.

Unene wenyewe ndio unaosaidia. Kalamu nyembamba huvilazimisha vidole vitatu kubana, na anayeandika kurasa nyingi anajua maumivu ya kwenye nyama ya kidole gumba. Kalamu nene huvifungua vidole. Hubani, unaegemeza tu, na mwendo hutoka kwenye kiwiko na bega badala ya kifundo. Siku za mwanzo herufi zangu zilikuwa kubwa na za kuyumba, kwa kuwa mkono ulizoea kusogeza vidole. Baada ya hapo mwandiko ulitulia, na nikaona naweza kuandika jioni nzima pasipo kusimama kuuchua mkono.

Kuna wanaoshindwa, na nawaambia ukweli. Mwenye vidole vifupi sana huenda akahangaika, na anayeandika kwenye fomu zenye visanduku vidogo achague kitu kingine. Vilevile usichomeke kifuniko nyuma ya kalamu wakati wa kuandika. Inakuwa ndefu mno, uzito unahamia nyuma, na ukingo wa kifuniko huchubua urushi.

Inajazwaje wino?

Zinatofautiana. King of Pen, Nakaya na Custom Urushi hutumia kijibomba cha kuvuta wino kinachochomolewa, kama kalamu nyingi. Emperor ni ya mtindo wa zamani: mwili wote ndio tangi.

Fungua shingo, simamisha mwili wima, kisha tia wino ndani kwa dropa. Mimi hutumia bomba la sindano lisilo na sindano, la kutoka duka la dawa. Elekeza wino kwenye ukuta wa ndani ili usipige mapovu, acha nafasi kidogo juu, rudisha shingo na uikaze bila nguvu. Inachukua wino mara kadhaa kuliko kijibomba cha kawaida, na ujazo mmoja unaweza kukupeleka wiki nyingi.

Mkiani kuna kitasa kinachozunguka. Hicho kimeungwa na fimbo inayopita katikati ya tangi mpaka kwenye shingo, na mwisho wa fimbo kuna kizibo. Kitasa kikikazwa, kizibo hufunga njia na wino haupiti. Ukikilegeza milimita mbili hivi, njia inafunguka. Hapa ndipo wageni wengi hukwama: wanajaza kalamu, wanaandika ukurasa mmoja, wino unakatika, wanadhani nibu ni mbovu. Nibu ni nzima. Wameandika kwa wino uliokuwa umebaki mbele ya kizibo, na ukaisha. Legeza kitasa.

Ukimaliza kuandika, kikaze. Kalamu inayohifadhi wino kwenye mwili mzima huwa na tabia ya kumwaga tone pale wino unapopungua, kwa sababu hewa iliyo ndani hupata joto la kiganja, hutanuka na kuusukuma wino nje. Kizibo kipo kuzuia hilo. Ninapoona tangi limefika theluthi moja, huongeza.

Nitumie wino gani?

Wa maji, wa kawaida, unaotengenezwa kwa ajili ya kalamu za wino. Iroshizuku wa Pilot ni chaguo langu kwa kuwa hutiririka vizuri na husafishika upesi. Wino utakaa humo muda mrefu, kwa hiyo kila kinachoganda ni hatari: wino wa kuchorea, wino wenye chembe za kumetameta, wino wa vumbi la rangi. Wino wa chuma na tanini, ule wa kuandikia hati za kudumu, mimi siuweki kabisa kwenye tangi la namna hii.

Wanaoishi Pwani waangalie kuvu ndani ya chupa. Chupa iliyofunguliwa muda mrefu kwenye unyevu huota utando juu. Ukiuona, mwaga wino wote, hata kama ulikuwa ghali.

Na karatasi?

Nibu namba 50 hutoa wino mwingi. Daftari la shule la kawaida litavuja mpaka upande wa pili na herufi zitaota manyoya. Tafuta karatasi iliyolainishwa vizuri. Si lazima iwe nzito. Tomoe River ya Japani ina gramu 52 tu kwa mita ya mraba na hubeba wino huu bila kuvuja, ila itakubidi usubiri ukauke. Kwa anayetumia mkono wa kushoto na kuupitisha juu ya mstari, kusubiri huko ni tatizo kubwa, na ningemshauri ajaribu kwanza kabla ya kulipa.

Nibu za Kijapani huandika nyembamba kuliko za Ulaya zenye alama ileile. Nibu ya unene wa kati ya Kijapani iko karibu na nibu nyembamba ya Ujerumani.

Joto na unyevu wa kwetu hautaiharibu?

Unyevu hapana. Hewa ya Dar es Salaam, Mombasa au Unguja kwa miezi mingi haiko mbali na ile ya kabati la fundi, na urushi uliozaliwa kwenye unyevu hauogopi unyevu.

Adui ni jua. Miale yake huvunja urushi polepole: kwanza unapoteza mng'ao, halafu unakuwa na ukungu usiofutika. Meza iliyo chini ya dirisha la magharibi si mahali pake. Na kamwe usiiache ndani ya gari, iwe Muscat, Dodoma au Mombasa. Ebonaiti hulainika kwa joto kali, na mwili ulionyooka unaweza kupinda au shingo ikagoma kuingia.

Naisafishaje?

Kwa nje, kitambaa laini cha pamba, kikavu. Mafuta ya mkono hayaudhuru urushi. Kwa kweli kalamu inayoshikwa kila siku hupata mng'ao wa kina ambao ile ya kabatini haiupati. Tone la wino likiangukia mwili, lifute pale pale kwa kitambaa chenye unyevu.

Kwa ndani, pitisha maji ya baridi kwenye shingo na nibu mpaka yatoke meupe, kisha iache ikauke juu ya karatasi ya kunyonya. Usiloweke mwili usiku kucha, usitumie maji ya moto, na usiusugue kwa dawa ya kung'arishia vyuma. Urushi uliokomaa hustahimili maji, asidi na hata spiriti kuliko rangi nyingi za viwandani, lakini mchoro wa dhahabu ulio juu yake ni mwembamba mno, na dawa ya kusugua huuondoa milele.

Rangi ya kalamu yangu inabadilika. Ni kasoro?

Ni uhai wake. Urushi huendelea kukomaa kwa miaka baada ya kutoka kwa fundi. Nyekundu iliyoanza ikiwa imefifia na yenye uhudhurungi huchangamka. Katika mtindo uitwao tamenuri, fundi hupaka rangi chini, nyekundu au kijani, kisha mikono ya urushi unaopitisha mwanga juu yake. Ikiwa mpya huonekana karibu nyeusi, na rangi ya chini huchungulia kwenye kingo tu, pale mpako ulipo mwembamba. Mwaka hadi mwaka mpako wa juu huzidi kuwa angavu na rangi ya chini hupanda. Wenye tamenuri mbili za umri tofauti huziweka pamoja mezani na kuona miaka kwa macho.

Nichukue yenye mchoro au ya rangi tupu?

Mchoro wa maki-e huundwa kwa kuchora kwa urushi mbichi na kunyunyizia unga wa dhahabu au fedha kabla haujakomaa. Aina ya hira hubaki bapa. Togidashi hufunikwa kwa urushi kisha hupigwa msasa mpaka mchoro uibuke sawasawa na uso. Taka huinuliwa juu ili uweze kuupapasa. Huongezwa pia raden, vipande vya makombe ya baharini vinavyometa. Kazi ya juu hubeba saini ya msanii na muhuri mdogo mwekundu.

Naipenda kazi hiyo na husimama muda mrefu mbele yake. Hata hivyo kwa kalamu ya kwanza nashauri rangi tupu. Bei yake ni sehemu ndogo ya ile yenye mchoro, nibu ni ileile, na hutaogopa kuishika. Na uso mtupu hausitiri kosa: punje moja ya vumbi kwenye mpako wa mwisho ingeonekana, na haipo.

Nitajuaje kama ni urushi halisi?

Kwa macho peke yake ni vigumu, hasa kwa picha. Kuna rangi inayoitwa kashu, iliyobuniwa Japani kutokana na mafuta ya maganda ya korosho, na hufanana sana na urushi. Haihitaji kabati la unyevu na ni nafuu. Si kitu kibaya, ila haipaswi kuuzwa kwa bei ya urushi. Muulize muuzaji wazi: je, huu ni urushi wa asili, juu ya ebonaiti au juu ya plastiki? Mwili umekerezwa au umemiminwa? Fundi ni nani? Anayeuza kitu halisi hufurahi kuulizwa.

Inafaa kwa herufi za Kiarabu?

Kwa mwandiko wa kila siku, ndiyo, na vizuri sana. Ncha yake ni ya mviringo, kwa hiyo kwenda kulia au kushoto ni sawa kwake. Kwa khati, yaani sanaa ya kuchora herufi, hapana. Kalamu ya mwanzi hukatwa ncha kwa mshazari, na unene na wembamba wa herufi hutokana na mkato huo.

Naweza kusafiri nayo kwa ndege?

Ijaze karibu kabisa au iache tupu, kaza kitasa, isimamishe nibu ikitazama juu. Usiandike wakati ndege inapanda.

Ikikwaruzika au kuanguka?

Mikwaruzo midogo ya matumizi fundi anaweza kuing'arisha, na mpako unaweza kurudiwa. Nibu iliyopinda hunyooshwa. Lakini kazi hizo hufanyika Japani au kwa mafundi wachache mno nje yake, na huchukua miezi. Mafundi wa Wajima, mji maarufu kuliko yote Japani kwa kazi ya urushi, walipata pigo tarehe 1 Januari 2024, tetemeko la ukubwa wa 7.6 lilipopiga rasi ya Noto na moto ukateketeza mtaa wa soko la asubuhi. Ukiambiwa usubiri, subiri.

Bei ikoje, na ya mitumba je?

Nakaya ya rangi tupu huanzia mamia kadhaa ya dola; Emperor ya rangi tupu hupita elfu moja; ya maki-e huwa ghali mara kadhaa zaidi. Dhahabu ikipanda, nayo hupanda. Ukiagiza kutoka nje, weka pembeni ushuru wa forodha na VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania bara na 16 Kenya.

Mitumba ni njia nzuri. Omba picha ya ncha ya nibu kwa karibu, picha ya ukingo wa kifuniko ambako urushi hupasuka kwanza, na uulize kama kitasa cha mkiani kinazunguka na kama kinavuja. Kizibo cha ndani huchakaa na hubadilishwa. Nyufa za mwili ni jambo zito zaidi.

Rafiki akiomba aijaribu, nimpe?

Mpe. Vua kifuniko ubaki nacho wewe, legeza kitasa, weka karatasi nzuri mbele yake, na mwambie jambo moja tu: asikandamize. Kisha mwache aandike jina lake.